Mkongo Ulipokatika: Intaneti Yetu Inapita Wapi, na Kwa Nini Hili Si Suala la Mafundi Peke Yao

Jumapili, tarehe 12 Mei 2024. Kama siku hiyo ulikuwa Dar es Salaam, Arusha au Mwanza, huenda ulifanya mambo haya kwa mpangilio huu: ulizima data ukaiwasha tena, ukazima simu nzima, kisha ukaanza kujiuliza kama bando limeisha. Mwisho ukamuuliza jirani, "Kwako mtandao upo?" Naye akakujibu kwamba hata kwake hamna kitu.

Bando lako halikuwa limeisha. Tatizo lilikuwa chini ya bahari, kati ya Msumbiji na Afrika Kusini, zaidi ya kilomita 2,000 kutoka Kariakoo. Mikongo miwili ya mawasiliano, EASSy na Seacom, ilikuwa imekatika. Tanzania ilikuwa miongoni mwa nchi zilizoumia zaidi. Msumbiji, Malawi, Uganda, Rwanda, Kenya na kisiwa cha Mayotte nao walilisikia pigo hilo, kila mmoja kwa kiwango chake.

Tukio lile limeshasahaulika, lakini lilituachia maswali mazuri ya kisayansi. Intaneti inapita wapi hasa? Inakuwaje waya uliokatika mbali vile uzuie mtu wa Sinza kufungua tovuti ya ofisi iliyoko Posta? Na kubwa zaidi: kama maisha yetu yameegemea kitu ambacho wengi wetu hatujui hata kilipo, tuwafundishe nini watoto wetu? Twende hatua kwa hatua.

Intaneti haiko angani

Wengi wetu tukisikia neno "mtandao" tunainua macho juu. Tunawaza minara, mawimbi, satelaiti. Si kosa, kwa sababu sehemu tunayoiona ndiyo hiyo. Lakini mawimbi ya redio kutoka simu yako yanasafiri safari fupi tu, mpaka kwenye mnara ulio karibu, mara nyingi kilomita chache. Kuanzia hapo, sehemu kubwa ya safari ni ya ardhini. Ujumbe unaomtumia rafiki yako aliye London unapita kwenye nyuzi za kioo zilizofukiwa kando ya barabara, unafika Dar es Salaam, unaingia kituo cha pwani, halafu unazama baharini. Zaidi ya asilimia 95 ya data inayovuka kutoka bara moja kwenda jingine inapita chini ya bahari, si kwenye satelaiti.

Mkongo wenyewe, kwenye kina kirefu, una unene wa mpira wa kumwagilia bustani. Ukiukata utaona tabaka za plastiki, chuma na shaba, na katikati kabisa nyuzi za kioo nyembamba kama unywele. Ndani ya kila uzi unapita mwanga wa leza unaobadilishwa mabilioni ya mara kwa sekunde. Picha, sauti, muamala wa benki, vyote vinageuzwa kuwa mabadiliko hayo ya mwanga.

Kwa nini mwanga hautoki nje ya uzi? Hebu kumbuka ukiwa umezama kwenye maji, ukatazama juu kwa pembe ya mbali. Uso wa maji unang'aa kama kioo cha kujitazamia, huoni kilichopo nje. Mwanga unaogonga mpaka wa vitu viwili kwa pembe ya kulala sana hurudi ndani wote. Ndicho kinachotokea ndani ya uzi: mwanga unagonga ukuta, unarudi, unagonga tena, unasonga mbele. Mwanafunzi wa kidato cha tatu aliyesoma sura ya mwanga tayari ana nusu ya maelezo ya intaneti mkononi. Bahati mbaya ni mara chache mtu kumwambia hivyo.

Mwaka 1966 mwanasayansi Charles Kao, akiwa na mwenzake George Hockham, alionyesha kwamba kioo kinaweza kubeba mawasiliano mbali sana iwapo kitasafishwa vya kutosha. Wakati ule mwanga ulikuwa unafifia kabla haujafika mbali ndani ya kioo, na wengi waliona wazo hilo ni ndoto. Kao aliona kwamba tatizo ni uchafu uliomo ndani ya kioo, na si kioo chenyewe. Alipewa Tuzo ya Nobel ya fizikia mwaka 2009. Mwaka huohuo, mwezi Julai, mkongo wa Seacom ulizinduliwa kwenye pwani yetu. TEAMS, unaounganisha Mombasa na Fujairah kwenye Falme za Kiarabu, ulikuja mwaka huo pia, na EASSy ukafuata 2010.

Kabla ya hapo mawasiliano yetu ya intaneti na dunia yalitegemea zaidi satelaiti, ambazo zilikuwa ghali na za polepole. Tufanye hesabu kidogo. Satelaiti ya mawasiliano ya aina ile inakaa karibu kilomita 36,000 juu ya ikweta. Ujumbe ukipanda na kushuka umetembea kilomita 72,000. Kwa kasi ya mwanga, kilomita 300,000 kwa sekunde, hiyo ni sekunde 0.24. Jibu nalo linarudi kwa njia hiyohiyo, jumla karibu nusu sekunde kabla hata kompyuta ya upande wa pili haijafikiri. Sasa chukua mkongo wa kilomita 10,000. Ndani ya kioo mwanga unapungua kasi hadi kilomita 200,000 hivi kwa sekunde, lakini kwenda ni sekunde 0.05 na kurudi 0.05. Sekunde 0.1, basi. Ndiyo maana leo unaweza kuongea kwa video na shangazi aliye Muscat bila kukanyagana maneno.

Njia yenyewe, kwa kweli, ni ya zamani. Mwaka 1879 Waingereza walilaza waya wa telegrafu kutoka Aden hadi Zanzibar, ukaendelea Msumbiji mpaka Durban. Kwa hiyo kutegemea waya uliozama baharini si jambo lililoanza na simu janja. Kilichobadilika ni idadi ya mambo tunayoyapitisha humo.

Siku ile kilitokea nini?

Kukatika kwa mkongo si ajabu. Duniani kote hutokea hitilafu kati ya 150 na 200 kila mwaka. Watu hupenda kuwasingizia papa, lakini sababu kubwa ni za kawaida kabisa: nyavu za kukokota za wavuvi na nanga za meli. Zinazobaki ni mambo kama maporomoko ya ardhi chini ya bahari na matetemeko. Kwa kawaida hata hujui kama mkongo umekatika, kwa sababu data inageuzwa na kupitishwa njia nyingine, kama daladala inavyochepuka barabara ikifungwa.

Sasa kwa nini Mei 2024 tuliona giza? Rudi nyuma miezi mitatu. Mwezi Februari mikongo mitatu, Seacom ukiwa mmoja wao, ilikatika kwenye Bahari ya Shamu. Anayedhaniwa kuhusika ni nanga ya Rubymar, meli ya mizigo iliyoshambuliwa na Wahouthi wa Yemen, ikawa inaelea huku ikiiburuta nanga yake kabla ya kuzama. Kutengeneza mkongo kwenye eneo la vita si kazi ya wiki moja. Hivyo njia yetu ya kaskazini, inayoelekea Ulaya, ilikuwa tayari imejeruhiwa, na njia ya kusini ikabebeshwa mzigo zaidi. Kisha tarehe 12 Mei njia ya kusini nayo ikakatika, mikongo miwili kwa mpigo.

Hapa kuna somo la hesabu ambalo ningependa kila mwanafunzi alishike. Tuseme, kwa mfano tu, kila mkongo una uwezekano wa 1 kwa 100 wa kuwa mbovu siku fulani. Ukiwa na miwili, unaweza kusema uwezekano wa yote kuharibika pamoja ni 1 kwa 100 mara 1 kwa 100, yaani 1 kwa 10,000. Raha tupu! Lakini hesabu hiyo ni kweli pale tu ambapo tukio moja halihusiani na jingine. Mikongo miwili ikipita sehemu moja ya bahari, nanga moja au poromoko moja linaweza kuimaliza yote. Kwenye karatasi una njia mbili. Chini ya bahari una njia moja yenye majina mawili.

Linganisha na Kenya. Mombasa inapokea EASSy na Seacom kama sisi, lakini pia TEAMS, LION2, DARE1 na PEACE, ambayo haipiti kote njia ileile. Wakenya waliumia, hilo hakuna ubishi, ila walikuwa na vichochoro zaidi vya kuchepukia. Tanzania wakati huo ilikuwa na vichache.

Na mafundi walijuaje mahali palipokatika? Hakuna aliyepiga mbizi kutafuta. Unatuma mpigo wa mwanga kutoka ufukweni. Sehemu ya mwanga huo inarudi kama mwangwi. Unapima muda. Tuseme mwangwi umerudi baada ya sekunde 0.01. Zidisha na kilomita 200,000 kwa sekunde, unapata kilomita 2,000. Gawanya kwa mbili kwa sababu mwanga umekwenda na kurudi. Mkongo umekatika kilomita 1,000 kutoka hapo ulipo. Vipimo halisi ni vigumu zaidi ya hivyo, kwa kuwa njiani, kila baada ya kilomita 60 hadi 100, kuna kifaa cha kuupa mwanga nguvu mpya. Ila kanuni ndiyo hiyo.

Baada ya hapo inakuja kazi ya mikono. Meli maalumu, kama Léon Thévenin ambayo kituo chake ni Cape Town, inakwenda mpaka eneo lile. Inashusha kulabu, inavua ncha moja ya mkongo, kisha ya pili. Ndani ya meli mafundi wanaunganisha nyuzi moja moja kwa kuziyeyusha, wanaongeza kipande kipya katikati, halafu wanaushusha tena. Safari, hali ya hewa na vibali vinaweza kuchukua siku nyingi kuliko kuunga kwenyewe. Pwani nzima ya Afrika ina meli chache sana za namna hiyo. Kwa hiyo ukisikia "hitilafu inashughulikiwa", sasa unajua kwamba pengine kuna meli iko njiani na watu wanatazama mawimbi.

Mbona hata mambo ya hapa hapa yaligoma?

Swali hili ndilo lililowaumiza wengi vichwa. Sawa, YouTube iko nje. Lakini mtu wa Sinza na ofisi ya Posta wote wako Dar es Salaam. Kwa nini wasionane?

Sababu ya kwanza ni njia. Kampuni mbili za intaneti katika jiji moja zisipounganishwa moja kwa moja, data ya mteja wa kampuni ya kwanza inaweza kwenda mpaka Ulaya ndipo irudi kwa mteja wa kampuni ya pili. Ni kama kumtumia jirani chumvi kwa kuipitishia London. Dawa yake ni kituo cha kubadilishana data ndani ya nchi, ambapo kampuni zote zinaleta nyaya zao na kupeana mizigo papo hapo. Kenya walifungua chao, KIXP, mwezi Novemba 2000. Wiki chache baadaye kikafungwa kwa amri ya mdhibiti, baada ya malalamiko kwamba kinaingilia haki ya shirika la simu la taifa ya kubeba mawasiliano ya nje. Mwaka 2002 kilifunguliwa tena. Taarifa ya Internet Society ya mwaka 2020 ilionyesha kwamba sehemu ya data iliyokuwa ikipatikana ndani ya Kenya yenyewe ilipanda kutoka asilimia 30 mwaka 2012 hadi asilimia 70. Sisi pia tuna kituo cha namna hiyo Dar es Salaam. Lakini kituo kinasaidia pale tu ambapo vitu tunavyovihitaji vimewekwa karibu nacho.

Hiyo inatuleta kwenye sababu ya pili: mahali zilipo seva. Tovuti ya biashara ya Mwanza, iliyoandikwa kwa Kiswahili, kwa wateja wa Mwanza, inaweza kuwa imehifadhiwa Marekani kwa sababu kule ni bei rahisi. Hata M-Pesa, iliyozaliwa Kenya mwaka 2007, kwa miaka kadhaa ilikuwa inaendeshwa na seva zilizoko Ujerumani. Zilihamishiwa Kenya mwaka 2015.

Sababu ya tatu imejificha zaidi. Tuseme tovuti yenyewe iko Dar. Ukiifungua, simu yako inaanza kwa kuuliza "kitabu cha majina" cha intaneti ili ijue tovuti iko wapi, na kitabu hicho kinaweza kuwa nje. Kisha ukurasa unaita ramani kutoka kampuni moja ya nje, herufi kutoka nyingine, na kitufe cha kuingilia kutoka ya tatu. Kimoja kikikosekana, ukurasa mzima unaganda. Wewe unaona nyumba moja. Kumbe paa lake liko Ireland na mlango uko California.

Kinyume chake, fikiria menyu ya zamani ya nyota na reli, ile unayotumia kutuma pesa ukiwa na simu ya kitochi. Haihitaji data. Inapita kwenye njia ileile ya ishara ambayo simu inaitumia kujitambulisha kwa mnara, na inafika moja kwa moja kwa kampuni yako ya simu. Si ya kupendeza machoni, lakini inategemea vitu vichache. Kwenye sayansi ya mifumo, kutegemea vitu vichache ni sifa njema.

Tunadhani tunajua

Mpaka hapa unaweza kusema: sawa, hayo ni ya wahandisi. Sisi wengine tunatumia tu. Ngoja kwanza.

Mwaka 2002 watafiti wawili wa Chuo Kikuu cha Yale, Leonid Rozenblit na Frank Keil, waliwauliza watu wanaelewa kiasi gani jinsi vitu vya kawaida vinavyofanya kazi: zipu, cherehani, choo cha kuvuta maji. Watu wakajipa alama za juu. Kisha wakaambiwa waeleze hatua kwa hatua. Walipomaliza kujaribu wakaulizwa tena wajipe alama. Zikashuka. Watu walikuwa wamechanganya vitu viwili: kuzoea kitu na kukielewa. Mwaka 2015 Matthew Fisher na wenzake, pia wa Yale, wakagundua kwamba watu waliotoka kutafuta majibu kwenye intaneti walijiona wana ujuzi mwingi zaidi kichwani, hata kwenye mada ambazo hawakuzitafuta.

Kwa hiyo kutumia simu kila siku hakutufanyi tuielewe. Kunaweza kabisa kutufanya tudhani tunaielewa, na mtu anayedhani anajua haulizi.

Kuna tatizo lingine. Mwaka 1983 mtafiti Lisanne Bainbridge aliandika kuhusu kejeli iliyomo kwenye mitambo inayojiendesha. Mashine inachukua kazi rahisi za kila siku, na binadamu anabakiziwa zile ngumu, za siku mambo yanapoharibika. Lakini zile kazi rahisi ndizo zilizokuwa zikimpa mazoezi. Siku ya hatari ikifika, anaitwa afanye kitu kigumu ambacho hajakigusa kwa miaka. Kadiri mashine inavyokuwa nzuri, ndivyo mtu wa akiba anavyozidi kutu.

Mifano ipo karibu. Tarehe 25 Agosti 2023 umeme ulikatika karibu Kenya nzima. Uwanja wa ndege wa Jomo Kenyatta una majenereta, lakini usiku ule mojawapo halikuwaka, na sehemu ya uwanja ikabaki gizani. Kuwa na jenereta na kuwa na jenereta linalowaka ni mambo mawili tofauti. Na tarehe 19 Julai 2024, sasisho moja bovu la programu ya ulinzi ya kampuni ya CrowdStrike lilizima kompyuta zipatazo milioni 8.5 duniani. Kwenye baadhi ya viwanja vya ndege nchini India abiria waliandikiwa pasi za kupandia ndege kwa mkono. Tulizicheka zile picha, lakini ziangalie vizuri: ndege ziliweza kuondoka kwa sababu kulikuwa na mtu aliyekumbuka nini kinapaswa kuandikwa kwenye kile kikaratasi.

Jiulize kwenye zahanati ya mtaani kwenu: mfumo wa kompyuta ukigoma siku tatu, nani anajua kupokea wagonjwa, kutunza kumbukumbu na kuhesabu dawa kwa daftari? Kama jibu ni "mama mmoja anayestaafu mwakani", basi hapo pana pengo ambalo hakuna programu itakayoliziba.

Elimu gani basi?

Kila tukio la namna hii likitokea, mtu anasema "tunahitaji elimu". Ni kweli, lakini neno hilo limekuwa kama panadoli, linatolewa kwa kila ugonjwa. Mara nyingi maana yake ni kununua vifaa. Kenya ilianza kugawa tableti kwa wanafunzi wa darasa la kwanza mwaka 2016. Kifaa ni kizuri, lakini mwaka uliotangulia, 2015, shirika la OECD lilichapisha uchambuzi wa nchi zilizowekeza sana kwenye kompyuta za shuleni, na halikuona maendeleo ya maana katika kusoma, hisabati au sayansi. Kumpa mtoto tableti kunamfundisha kugusa kioo, jambo ambalo angelijua bila shule.

Nadhani tunahitaji mambo matatu, na hakuna hata moja linalodai maabara ya kompyuta.

La kwanza ni tabia ya kufuatilia njia. Kitu hiki kinatoka wapi, kinapita wapi, na nini kikikatika kinasimama? Swali hili linafaa kwa intaneti, kwa maji ya bomba, kwa unga wa dukani. Chuo Kikuu cha Canterbury cha New Zealand kilianzisha tangu miaka ya 1990 masomo ya kompyuta yasiyotumia kompyuta, kwa karatasi, kamba na michezo. Mwalimu anaweza kuwageuza wanafunzi 20 kuwa ruta: kila mmoja ameshika kamba zinazomuunganisha na wenzake, barua inapita mkononi kwa mkono, kisha mwalimu anakata kamba moja. Darasa litafute njia nyingine. Halafu akate mbili zinazopita sehemu moja. Dakika 40 zitatosha, na hawatasahau.

La pili ni uwezekano, ile hesabu ya matukio. Tunaifundisha kwa sarafu na dadu mpaka mwanafunzi anadhani ni somo la kamari. Tuifundishe kwa mikongo, majenereta na madaraja. Mwananchi anayejua kwamba njia mbili zinazopita sehemu moja si akiba, atauliza swali la maana pale anapoambiwa "tuna mfumo wa dharura".

La tatu ni kulinda ujuzi wa mkono, kwa makusudi. Si kwa kukumbuka enzi za zamani, bali kama mazoezi ya zimamoto. Ofisi ifanye kazi bila mfumo nusu siku kila baada ya miezi michache. Wewe nyumbani andika namba tano za simu muhimu kwenye daftari. Weka akiba ndogo ya pesa taslimu. Nunua umeme wa luku kabla uniti hazijafika sifuri.

Najua pingamizi linalokuja: hatuwezi wote kuwa wahandisi, na maisha ya kisasa ni kugawana kazi. Hiyo ni hoja nzito. Simfahamu fundi aliyejenga lifti, na napanda. Lakini angalia malaria. Watanzania wengi si madaktari, hawawezi kuchora kimelea cha malaria wala kueleza kinavyoingia kwenye ini. Hata hivyo karibu kila mtu anajua kwamba mbu ndiye mwenye kesi, kwamba maji yaliyotuama ni hatari, na kwamba chandarua chenye tundu si chandarua. Ujuzi huo wa kiwango cha kati ndio unaookoa maisha, na ndio unaomfanya mwananchi ailalamikie halmashauri mtaro ukiziba. Kwenye teknolojia tumeruka kiwango hicho. Tuna mafundi wachache juu, watumiaji mamilioni chini, na katikati hamna mtu.

Pingamizi la pili ni kwamba mikongo mipya inakuja, na satelaiti za chini, zinazoruka karibu kilomita 550 tu juu yetu, zimeshafika katika nchi kadhaa za jirani. Ni habari njema kweli. Ila kila njia mpya inatufanya tupitishe mambo mengi zaidi, na makubwa zaidi. Mwaka 2010 mkongo ukikatika ulikosa barua pepe. Leo unaweza kukosa malipo, tiketi, mtihani, na cheti cha kuzaliwa. Njia zikiongezeka na uelewa ukabaki palepale, siku ya kuanguka itakuwa ya kishindo zaidi.

Jaribu mwenyewe wiki hii

Usituamini kwa maneno. Fanya majaribio haya.

1. Kwenye kompyuta ya Windows fungua dirisha la amri, andika tracert, acha nafasi, kisha jina la tovuti ya chuo chako. Utaona orodha ya vituo na muda kwa milisekunde. Namba zikiruka ghafla kutoka 10 hadi 150 au zaidi, kuna uwezekano mkubwa data yako imevuka bahari. Rudia kwa tovuti ya benki na ya gazeti. Ipi iko nyumbani, ipi iko ughaibuni?

2. Zima data kwa saa tatu mchana wa siku ya kazi. Andika kila jambo ulilotaka kufanya ukashindwa. Mbele ya kila moja andika njia ya pili. Mahali palipobaki wazi ndipo ulipo udhaifu wako.

3. Mchukue mdogo wako, umweleze kwa mdomo jinsi ujumbe wa WhatsApp unavyofika kwa mtu aliye mbali. Usitumie neno "mtandao" hata mara moja. Utakapokwama, hapo ndipo pa kuanzia kusoma.

4. Kama wewe ni mwalimu, jaribu mchezo wa kamba. Unachohitaji ni kamba, barua moja na mkasi.

Jaribio la tatu ndilo gumu kuliko yote, na watoto hawana huruma: wanauliza "halafu?" mpaka ufike baharini.